Mteja Anataka Muziki Gani Hasa?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni prodyuza na nimezoea kuwatengenezea wasanii biti. Hivi karibuni nimepewa kazi ya kutunga muziki wa gemu ya simu, na mteja anasema anataka muziki "wa Kiafrika na wenye nguvu". Nimempelekea vipande kadhaa, vyote amevikataa bila kueleza kasoro iko wapi. Nitajuaje anachokitaka?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, huenda mteja wako anajua vizuri anachokitaka, ila hana msamiati wa muziki wa kukieleza, kwa hiyo mwulize kwanza kuhusu mchezo wenyewe. Mchezaji anafanya nini muziki huo unapolia: anakimbia, anapigana, au anachagua silaha kwenye menyu? Anaweza kukaa hapo kwa muda gani? Wimbo wa msanii una mwanzo na mwisho, lakini muziki wa gemu mara nyingi hujirudia kwa muda wote ambao mchezaji yuko katika hatua hiyo, na kipande kinachosisimua mara ya kwanza chaweza kuwa kero mara ya kumi. Omba uicheze gemu hiyo hata kama haijakamilika, usikie kama milio ya risasi imekwisha kuijaza nafasi uliyotaka kuiwekea ngoma.

Mfano mzuri tunao katika Kiswahili chenyewe. Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu ya Civilization IV iliyotoka mwaka 2005, alimwomba Christopher Tin, aliyewahi kukaa naye chumba kimoja katika Chuo Kikuu cha Stanford, amtungie wimbo wa ufunguzi. Vita ni vingi katika gemu ile, na mtunzi mwingine angekimbilia tarumbeta za vita. Lakini wimbo ulikuwa wa menyu, kabla mchezaji hajapigana na yeyote, na gemu inahusu safari nzima ya binadamu tangu enzi za kale. Tin aliipa kwaya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na mwaka 2011 "Baba Yetu" ukawa wimbo wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya gemu kushinda tuzo ya Grammy.

Kwa upande wako, mwombe mteja nyimbo mbili tatu anazozipenda, pamoja na moja ambayo hataki kabisa gemu yake ifanane nayo. Hiyo ya mwisho, kwa maoni yangu, hufichua mengi zaidi. Kila wimbo mwulize kinachomvutia ni mwendo, ala au sauti ya mwimbaji, kwa sababu marimba ya taratibu na singeli vyote ni vya Kiafrika. Kisha tunga vipande viwili vya sekunde 30, vilivyotofautiana kwa makusudi, uviweke juu ya video ya mchezo ukiendelea. Usivikamilishe kwanza. Mteja akichagua kimoja, mwombe akuonyeshe ni wapi hasa palipomgusa, na uanzie hapo. Idadi ya marekebisho yaliyomo katika malipo iandikwe kwenye mkataba kabla hujafungua kompyuta.