Kwa nini hatukai kwako miezi yote mitatu

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako niliposoma mara ya kwanza nilicheka, niliporudia sikucheka tena. Unauliza: "Mama, viza mmeomba ya siku 90, mbona kwangu Lyon mnakaa wiki chache mwanzoni, mnapotea, halafu mnarudi mwishoni? Kwani kwangu pana nini?" Baba yako akasema nikupigie simu yaishe. Nimeona heri nikuandikie, maana simu zetu mimi na wewe huishia ama kwa machozi ama kwa mtandao kukatika.

Kwako hapana neno. Chumba ni kizuri, mkwe wangu ana adabu, na mjukuu ndiye anayenifanya nipande ndege na magoti haya. Lakini kumbuka safari iliyopita. Ulichukua likizo yako yote ya mwaka ili utuzungushe. Tukapanda kilima cha Fourvière tukashuka, tukapelekwa kuona mito ya Rhône na Saône inapokutana, tukaonyeshwa mahali ndugu Lumière walipowapiga picha za sinema wafanyakazi wakitoka kiwandani mwaka 1895. Vyote vizuri, nilifurahi. Ila usiku nikiamka kwenda msalani nakukuta sebuleni, kompyuta mapajani, unajibu barua za kazini ulizodai umezipa likizo. Mumeo naye mpole, hasemi kitu, lakini nilimwona asubuhi anakunywa chai amesimama ndani ya jikoni lake mwenyewe kwa sababu viti tumevikalia sisi.

Mji nitauona kwenye picha. Ninachokuja kukiona ni wewe: unatoka saa ngapi, unarudi umechoka kiasi gani, mtoto akifika kutoka shule anamkimbilia nani kwanza. Hayo hayaonekani ukiwa umesimamisha maisha yako ili utembeze wazee. Wiki chache unaweza kutubeba na kazi zako zikaenda. Miezi mitatu mfululizo, mmoja wetu ataanza kuhesabu siku, na sitaki kujua ni nani.

Halafu piga hesabu kabla hujanung'unika. Ukipitia nchi kadhaa za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, viza unaombea ubalozi wa nchi utakayokaa siku nyingi kuliko nyingine. Sisi tumeomba kwa Wafaransa, tena kwa ile barua ya kutupokea uliyoifuatilia ofisi ya meya na hati zako za nyumba na mshahara. Fungu kubwa ni lako, limeandikwa. Uliobaki ni wivu, na wivu huo nimekurithisha mimi, kwa hiyo siwezi kukulaumu sana.

Lile wazo lako kwamba twende kwa mama yako mdogo Manchester mwisho wa wiki, tukirudi siku 90 zianze upya, lifute kabisa. Najua wapo watu wazima wanaoliamini. Hazianzi upya. Kila siku unayokuwa ndani wanatazama nyuma siku 180 na kuuliza: kati ya hizi, ngapi ulikuwa kwetu? Zisizidi 90. Siku ya kuingia imo, siku ya kutoka nayo imo, hata kama uliondoka alfajiri. Siku za Uingereza hazimo, kwa kuwa wao hawamo Schengen na wana viza yao ya wageni, ya miezi sita. Basi tukiwa kwa mama yako mdogo hatuli siku zako, lakini zile tulizokwisha kula hazirudi. Ndiyo maana niling'ang'ania viza ya kuingia mara nyingi; ile ya mara moja, ukishavuka kwenda kwake umeaga. Na tangu Oktoba 2025 wameanza kuachana na mihuri kwenye pasipoti, wanachukua alama za vidole na picha ya uso, mashine ndiyo inayohesabu. Kwa mhuri uliofifia ungeweza kubishana na afisa. Mashine utaibishia nini?

Sasa Rotterdam, Uholanzi, kwa rafiki wa baba yako, ambako naona ndiko kunakokuuma. "Wiki nzima na zaidi kwa mtu asiye ndugu." Mwanangu, yule ni ndugu wa baba yako kuliko baadhi ya aliozaliwa nao. Walikuwa vijana pamoja, wakala umaskini pamoja, kisha mwenzake akaondoka, akafanya kazi miaka na miaka kwenye ile bandari yao, kubwa kuliko zote Ulaya. Sasa amestaafu, na kiharusi kimempitia, mkono wa kushoto haumtii.

Tulipokwenda, siku moja alitaka kutupeleka Kinderdijk tukaone vile vinu vya upepo, viko 19 vimejipanga kando ya maji, na unafika kwa boti ya abiria. Tumeshavaa makoti, tuko mlangoni. Akakaa kwenye kigoda afunge viatu. Kamba ya kwanza ikamponyoka. Akaikamata kwa vidole vya kulia, akaibana upande wa pili kwa ule mkono mzito, ikaponyoka tena. Nikamtazama baba yako, nikajua anatamani kuinama amfunge. Hakuinama. Alivuta kiti akaketi, akavua koti, akaanzisha ubishi wa mechi fulani ya mpira ya ujanani mwao, nani alifunga, na ilikuwa kwa kichwa au kwa mguu. Wakabishana. Kiatu kikafungwa, kisha cha pili. Boti ilikuwa imeshaondoka, tukapanda iliyofuata.

Tungekuwa na siku mbili tu pale, baba yako angemfunga kamba na boti tungeiwahi, na yule bwana angejua kwamba sasa yeye ni mtu wa kufungwa viatu. Hiyo ndiyo sababu hatuendi mbiombio, na ndiyo sababu siwezi kumpunguzia siku zake ili nikuongezee wewe. Wewe bado una miaka ya kutuona. Yeye na baba yako wanajua wanachokihesabu, ingawa hawakitaji.

Umeuliza pia, kwa ile sauti yako ya kimzaha, kwa nini tunalipia hoteli Lille wakati mna kitanda. Sababu ya kwanza ni mabegi. Tukitoka kwa mama yako mdogo kuja kwako, treni ya kutoka London inapita chini ya bahari, ile njia ya chini iliyofunguliwa 1994 yenye urefu wa kilomita 50, na Lille iko njiani kabla ya Paris. Kutoka hapo zipo treni za kasi zinazokuja Lyon moja kwa moja, mwendo wa kama saa tatu hivi. Tukipitia Paris itabidi tushuke Gare du Nord na kuvuka mji hadi Gare de Lyon, na ngazi zile za chini ya ardhi hazimpendi mtu mwenye begi.

Sababu ya pili ni yetu. Katika nyumba ya watu, hata ya mtoto wako, mume na mke wananong'ona. Tunanong'ona tukicheka, tunanong'ona tukigombana, na ugomvi wa kunong'ona hauishi, unalala tu na kuamka nao. Kila baada ya nyumba mbili tunahitaji mlango wetu wenyewe, baba yako akorome anavyotaka na mimi nimwambie kwa sauti kamili alichonikera kwa mdogo wangu. Tukifika kwako tunakuwa tumeshamalizana. Waulize wanaosafiri miezi bila usiku hata mmoja wa peke yao kama wanarudi wakisemeshana.

Kuhusu afya yetu usijisumbue sana. Dawa za presha ziko kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya maboksi yake na karatasi ya daktari, kwa sababu begi la chini likipotea halipotei na presha. Bima ya safari tunayo, bila ile ya euro 30,000 viza yenyewe hawatoi. Kwenye ndege baba yako atakaa kiti cha njiani, na nimemwambia atakuwa anaamka kutembea kila baada ya muda hata kama filamu imenoga, damu isilale miguuni.

Ninachokuomba ni kidogo. Usichukue likizo, labda siku moja moja. Tupe ufunguo wetu. Na jembe usisubiri siku ya tatu, nipe siku ya kwanza: mimi nitamchukua mtoto shuleni, na baba yako atengeneze ule mlango wa kabati unaolia. Ukirudi jioni ukakuta nimehamisha vyombo vyako jikoni, una ruhusa ya kunigombeza. Usininyamazie tu kama mara ile.

Jambo moja la haraka: nitumie tarehe za likizo za shule. Najua Ufaransa wanazigawa kwa kanda na nyinyi Lyon mko kanda A, kwa hiyo nisije nikasoma za watu wa Paris. Nataka majuma ya mwisho tuliyopanga kwako yaangukie mtoto akiwa nyumbani, na tiketi za treni hupanda bei kadiri siku zinavyokaribia. Baba yako ameshafungua ukurasa wa kulipia na ananitazama.

Msalimie mumeo. Mwambie safari hii kiti chake cha jikoni hakigusi mtu.

Ni mimi mama yako.