Nyoka Uliyemnunua Juzi Anapougua: Mambo Niliyojifunza Tabata

Nilimnunua nyoka wangu mwezi wa Juni kwa mfugaji mwenye kibali, nje kidogo ya jiji. Ni yule nyoka mdogo wa kahawia asiye na sumu, ambaye wengi wetu tumemwona akifuata panya stoo na tukampiga fimbo kabla hata ya kumtazama vizuri. Siku ya tisa nilimkuta ameinua kichwa kuelekea dari, mdomo wazi, mapovu yakimtoka puani, na kila alipovuta pumzi ilisikika sauti kama ya maji yanayochemka kwa mbali. Nilimpigia simu muuzaji, naye akaniambia kwamba anajiandaa kujivua gamba na nisiwe na wasiwasi. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia rangi na macho yake huwa kama yamefunikwa na ukungu, lakini hatoi mapovu. Ukiona mapovu, ute mdomoni au mdomo usiofungika, huo ni ugonjwa wa njia ya hewa, na kwa kuwa nyoka huficha udhaifu wake kwa muda mrefu, siku unapouona jua kwamba ulianza zamani.

Hebu nieleze kwa nini ugonjwa huo ni mzito kwake kuliko mafua yalivyo kwetu. Nyoka wengi hutegemea pafu moja tu, lile la kulia, na hawana kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, cha kuwawezesha kukohoa kwa nguvu kama sisi. Ute ukijaa hauna pa kutokea, ndiyo maana mgonjwa huinua kichwa ili apate nafasi ya kupumua. Zaidi ya hayo, nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, na kinga yake ya mwili hulegea anapokaa kwenye baridi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea, na nadhani ndipo wengi wa hapa Dar watakapokosea. Tumezoea kusema kwamba mji huu ni joto mwaka mzima, kwa hiyo sikununua balbu wala kipimajoto. Nilisahau kwamba sanduku lake la kioo lilikuwa juu ya vigae, chumbani kwangu, chini ya kiyoyozi ninachokiweka nyuzi 20 usiku kucha, tena katika msimu wa kipupwe. Nyoka wa aina yangu anahitaji upande mmoja wa sanduku wenye joto la nyuzi 29 hadi 31 na upande mwingine wenye nyuzi 24 hivi, ili achague mwenyewe. Kana kwamba hilo halikutosha, nilimlisha siku ya pili tu baada ya kumleta, akatapika, nami nikampa panya mwingine kwa huruma. Nyoka mwenye baridi hawezi kumeng'enya chakula. Panya huozea tumboni. Aliyetapika aachwe kama wiki mbili bila kulishwa, kisha aanze na kipanya kidogo kuliko kile cha kwanza. Hatakufa kwa njaa katika muda huo. Cha kuogopa ni kukosa maji: ngozi ikikunjamana na macho yakibonyea, mweke kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi nusu ya kimo cha mwili wake, kwa dakika chache, ukiwa umesimama hapo hapo. Lakini usimwogeshe aliye hoi, asiyeweza hata kuinua kichwa, kwani atazama.

Kwa hiyo usiku ule ule, kabla ya dawa yoyote, nilizima kiyoyozi, nikamhamishia sebuleni, nikaazima balbu na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, kisha nikaondoa mchanga na kutandika magazeti. Magazeti yana faida kubwa kuliko mapambo yote ya dukani, kwa sababu juu yake utaona kinyesi, ute na utitiri, wale wadudu weusi wadogo kama punje za pilipili manga ambao pia huzama kwenye bakuli la maji. Umeme ulipokatika nilizungushia taulo chupa ya maji ya moto na kuiegemeza ukutani mwa sanduku kwa nje, kwani nyoka anaweza kulala juu ya kitu cha moto hadi akaungua bila kusogea.

Asubuhi nilipita duka la dawa za mifugo, na kijana wa kaunta, kwa nia njema kabisa, akanishauri dawa ya kuku ya unga ya kuchanganya na maji. Nawasihi msikubali. Nyoka hanywi maji kwa kiasi unachoweza kukikadiria, na dozi yake hupimwa kwa gramu za mwili wake. Daktari wa mifugo niliyemfikia alikiri wazi kwamba hajawahi kutibu nyoka, na kukiri huko ndiko kulikonifanya nimwamini: alimpigia simu mwenzake wa Morogoro, akauliza uzito. Sikuwa nao. Tulimpima kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya foronya, kisha tukaitoa foronya kwenye hesabu; gramu 138. Alichomwa antibiotiki kila baada ya siku tatu, mara saba, sindano ikipigwa sehemu ya mbele ya mwili, kwa kuwa damu ya sehemu ya nyuma hupitia kwenye figo kwanza. Jina la dawa na kipimo sitavitaja hapa, maana najua kuna atakayejaribu mwenyewe.

Safari zote saba nilikwenda kwa bajaji, foronya ikiwa imefungwa fundo ndani ya ndoo yenye kifuniko kilichotobolewa. Dereva wa kwanza alipojua kilichomo alinishusha barabarani, nami sikumlaumu. Tangu hapo nikawa nasema mapema. Jambo jingine la mapema ni kibali. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumfuga mnyamapori kiholela, na mtu asiye na kibali husita kwenda kwa daktari hadi mgonjwa anamfia mikononi. Na kila ulipomshika, nawa mikono kwa sabuni, kwani nyoka hata mwenye afya huweza kubeba salmonela, bakteria wanaomharisha binadamu. Watoto wadogo wasimguse kabisa.

Mapovu yaliisha baada ya sindano ya nne, lakini tulimaliza zote. Wiki ya sita alimeza kipanya kidogo na hakukitapika. Sikumgusa kwa siku tatu. Jumapili nilimpima, gramu 141, nikaandika kwenye daftari chini ya ile 138, na jirani yangu, mzee ambaye mwanzoni aliapa kuhama, akauliza akiwa mlangoni, bila kuingia, kama mgonjwa ameamkaje.