Jibu: Mkemia asiye mfamasia anaweza kutafiti dawa?

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kama mdogo wako mwenye shahada ya kemia analazimika kuanza upya masomo ya famasi ili aweze kufanya utafiti wa dawa. Halazimiki, kwa kuwa uchambuzi wa dawa ni kazi ya mkemia hasa: kupima kama kidonge kina kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, kama kinayeyuka inavyotakiwa, na kama hakina uchafu uliotokana na kiwanda au ghala. Nyenzo yake kuu ni kromatografia, mbinu ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika, iliyoanzishwa na Mrusi Mikhail Tsvet mwanzoni mwa karne ya 20 alipokuwa akitenganisha rangi za majani.

Ningemshauri asome shahada ya uzamili, Muhimbili kwa mfano, kisha atafute swali la utafiti huku huku kwetu. Aspirini ikikutana na unyevu huvunjika ikawa asidi ya salisili na asidi ya siki, ndiyo maana kopo la zamani hunuka siki. Sasa fikiria joto la Mtwara mwezi Desemba, ndani ya duka la dawa lililoezekwa bati bila dari. Hapo pana kazi ya miaka mingi.

Ajifunze pia takwimu mapema, na azoee kuandika kumbukumbu za kila kipimo, maana sehemu kubwa ya siku maabara huishia kwenye daftari, wala si kwenye mashine.