Kuchunguza lalamiko dhidi ya jaji mkali: mambo ya kuangalia mapema

Lalamiko likikufikia, tenga kwanza uamuzi wa jaji na mwenendo wake. Anayesema jaji amekosea sheria, njia yake ni rufaa. Mwambie hivyo mapema, maana kwa kawaida muda wa kukata rufaa haumsubiri mtu kwa sababu amelalamika kwingine. Chombo cha nidhamu kikianza kupima hukumu, jaji ataamua mashauri kwa hofu, na hilo linamuumiza kila mdaawa atakayefuata. Hata hivyo usifunge jalada upesi. Barua inaweza kuilaani hukumu kurasa tatu, kisha ikataja kwa kupita tu kwamba jaji alimwita shahidi mjinga. Hapo ndipo penye kazi yako.

Kanuni za Bangalore za mwaka 2002, yaani kanuni za kimataifa za maadili ya majaji, kifungu cha 6.6, zinamtaka jaji alinde utulivu mahakamani na pia awe mvumilivu, mwenye staha na adabu kwa wadaawa, mashahidi na mawakili. Shika yote mawili. Kumkatiza wakili anayerudia swali lilelile ni kuendesha shauri. Kumkejeli mbele ya mteja wake ni utovu wa nidhamu. Kumtishia kifungo cha kudharau mahakama kwa kuwa tu ameomba jaji ajitoe kwenye shauri ni kosa zito zaidi: mamlaka ya mahakama yanageuzwa ngao ya mtu binafsi.

Ushahidi ndipo wageni wa kazi hii wanapokwama. Omba rekodi ya sauti siku hiyohiyo, kabla haijafutwa. Nakala iliyochapwa haionyeshi kelele wala kejeli. "Endelea, wakili" yaweza kuwa ruhusa au tusi. Sikiliza pia yaliyotangulia tukio, ujue nani alianza. Mahali ambapo jaji huandika mwenendo wa shauri kwa mkono wake, kumbuka kwamba mwandishi wa kumbukumbu ndiye mlalamikiwa. Basi hoji karani, mkalimani na mawakili wa pande zote, kila mmoja peke yake. Wakili wa upande ulioshinda akithibitisha matusi, neno lake lina uzito wa pekee, kwani hana cha kulipiza.

Jaji naye ana haki zake. Misingi ya Umoja wa Mataifa ya 1985 kuhusu uhuru wa mahakama inataka tuhuma ishughulikiwe haraka na kwa haki, na hatua ya mwanzo ibaki siri isipokuwa jaji mwenyewe aombe vinginevyo. Mwandikie tarehe, namba ya shauri na maneno yanayodaiwa. "Alikuwa mkali" ni tuhuma isiyojibika.

Kuhusu adhabu, hasira ya siku moja iliyofuatwa na kuomba radhi yaweza kuishia kwenye onyo. Kumwondoa jaji ni kwa yule asiyeweza tena kazi au ambaye mwenendo wake unamfanya asiifae. Kwa hiyo soma malalamiko yote dhidi yake pamoja, hata yaliyofungwa. Tabia haionekani ndani ya jalada moja. Na jaji mpole akibadilika ghafla, uliza afya yake kabla ya kuandaa mashtaka.