Kabla ya Diwani Yako, Hudumia Shairi la Mwenzio

Vijana wanaotunga mashairi huniandikia sana, na swali lao karibu siku zote ni moja: nitampata wapi mtu wa kunichapishia diwani, yaani kitabu cha mashairi yangu? Nimehariri mashairi ya watu kwa muda mrefu, kwenye kurasa za gazeti na kwenye vijitabu tulivyotoa wenyewe, na jibu langu halijabadilika. Tafuta kwanza shairi la mtu mwingine linalokunyima usingizi kwa uzuri wake, ulishughulikie mpaka liwafikie watu. Wengi hawalipendi jibu hilo. Ndiyo maana leo nataka kulieleza kupitia maisha ya Mwingereza mmoja, Neil Astley, mshairi na mhariri ambaye kazi yake imenifunza kuliko semina yoyote niliyowahi kuhudhuria.

Astley alizaliwa mwaka 1953 huko Portchester, kusini mwa Uingereza. Krismasi ya 1974 ilimkuta Darwin, kaskazini mwa Australia, kimbunga Tracy kilipoubomoa karibu mji mzima. Alinusurika, na jina la mji huo likaja kukaa kwenye jalada la diwani yake, Darwin Survivor, mwaka 1988. Baada ya Australia alikwenda kusoma Newcastle, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, mbali na London kwenye makampuni makubwa ya vitabu. Huko akafanya kazi katika jarida la mashairi la Stand, lililoongozwa na mshairi Jon Silkin.

Hapo kwenye jarida ndipo ningependa kijana anayenisoma asimame kidogo. Kazi ya jarida dogo inachosha. Unasoma mashairi mengi mabaya ili upate moja zuri, unasahihisha prufu (kurasa za majaribio kabla ya kuchapa), unafunga bahasha, unawaandikia watu kuwakatalia. Lakini huko ndiko sikio linakotengenezwa. Mtu aliyesoma mashairi mabovu ya wenzake kwa makini huanza kuuona ubovu uleule kwenye shairi lake kabla hajalituma popote.

Mwaka 1978 Astley akaanzisha Bloodaxe Books, kampuni ya kuchapisha mashairi, akaipa jina la Eric Bloodaxe, mfalme wa mwisho wa Kiviking huko Northumbria, kaskazini mwa Uingereza, aliyeuawa mwaka 954. Chapisho la kwanza lilikuwa kijitabu, na hakikuwa na mashairi yake mwenyewe. Kilikuwa cha Ken Smith, kikiitwa Tristan Crazy. Mnaonitumia miswada ya kurasa mia mbili mkitaka itoke kwa mpigo, tazameni hapo: kijitabu kimoja, mshairi mmoja, na mshairi huyo ni mtu mwingine.

Mwaka 1985 Bloodaxe ilitoa kitabu chenye jina la herufi moja tu, v., cha Tony Harrison, shairi refu kuhusu kaburi la wazazi wake mjini Leeds lililochafuliwa kwa maandishi ya rangi, wakati wa mgomo mkubwa wa wachimba makaa. Liliposomwa kwenye televisheni ya Channel 4 mwaka 1987, magazeti na wabunge walipiga kelele kwa sababu ya matusi yaliyomo. Mwaka 1989 ikatoka Zoom!, diwani ya kwanza ya Simon Armitage, kijana wa kaskazini ambaye leo ndiye Malenga wa Taifa wa Uingereza tangu 2019. Mwaka 1991 ikaja The Adoption Papers ya Jackie Kay, mwaka uliofuata City Psalms ya Benjamin Zephaniah. Wanawake, watu weusi, watu wa kaskazini, washairi wa lugha nyingine waliotafsiriwa: orodha ya Bloodaxe iliwafungulia mlango watu ambao kwingine walikuwa wakisubiri nje.

Kitabu kinachonigusa zaidi katika orodha hiyo ni cha Irina Ratushinskaya. Mwaka 1983 alihukumiwa miaka saba ya kambi ya kazi ngumu huko Umoja wa Kisovieti kwa sababu ya mashairi yake. Kambini alichora beti juu ya kipande cha sabuni kwa njiti ya kiberiti, akazihifadhi kichwani, kisha akaosha sabuni. Bloodaxe ilichapisha No, I'm Not Afraid mwaka 1986, yeye akiwa bado kifungoni, na kitabu kikawa silaha ya waliokuwa wakidai aachiwe. Alitoka Oktoba mwaka huohuo, siku chache kabla ya Reagan wa Marekani na Gorbachev wa Umoja wa Kisovieti kukutana Reykjavik. Sisi tuliokua na Sauti ya Dhiki, mashairi ya gerezani ya Abdilatif Abdalla, hatuhitaji kuelezwa shairi la mfungwa lina uzito gani. Ndiyo maana nilifurahi nilipojua kwamba Jack Mapanje wa Malawi, aliyefungwa bila kushtakiwa kuanzia 1987 hadi 1991, naye alichapishwa na Bloodaxe baada ya kuhamia Uingereza. Na katika mkusanyiko wao wa mwaka 2010, Ten, yumo Nick Makoha, mzaliwa wa Uganda.

Sasa niseme la kwangu. Kundi letu la washairi lilipoamua kutoa kijitabu, nilikabidhiwa mashairi ya bibi mmoja wa Tanga ambaye hutunga kichwani. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akiandika. Beti zilinifikia zikiwa guni, yaani zimevunja kanuni: mizani, hesabu ya silabi, imezidi hapa na pale, na baadhi ya wenzangu wakashauri tuziache. Nikamwomba mjukuu anirekodie bibi akighani, anitumie sauti kwa WhatsApp. Nikasikia kila kitu mahali pake. Bibi alikuwa akisema “moyowe” na “mwanawe”; kijana, kwa nia njema, alikuwa akiandika “moyo wake” na “mwana wake”, hivyo mizani moja ikiongezeka na kina cha “we”, silabi ile ya mwisho inayofanana, kikipotea. Nilirudisha maneno ya bibi kama alivyoyatamka, na shairi likasimama.

Ushauri ninaoutoa kwa wahariri chipukizi unatoka hapo: usiguse mshororo kabla hujamsikia mwenyewe akiusoma. Astley na mwenzake Pamela Robertson-Pearce walilichukua jambo hili mbali zaidi. Mwaka 2008 walitoa In Person, kitabu chenye filamu za washairi 30 wakisoma mashairi yao. Mwaka uliofuata Bloodaxe ikatoa upya Briggflatts, shairi refu la Basil Bunting, ikiwa na sauti na filamu yake, maana Bunting aliamini kwamba shairi halijakamilika mpaka lisikike.

Kuna wanaomlaumu Astley. Mwaka 2002 alitoa Staying Alive, mashairi 500 aliyoyapanga kwa mambo ya maisha, kama safari, mapenzi, kukua na msiba, pasipo kufuata karne wala majina makubwa. Watu ambao hawakuwa na desturi ya kununua mashairi walikinunua, na vikafuata vitabu vingine vitatu hadi Staying Human mwaka 2020. Baadhi ya wakosoaji walisema anaushusha ushairi, naye akawajibu kwa ukali katika hotuba yake kwenye tamasha la StAnza, Scotland, mwaka 2005. Mimi niko upande wake. Mama aliyefiwa akiniomba shairi, simpi somo la arudhi, yaani kanuni za utunzi. Namtafutia shairi lililo sahihi kwa siku ile, na mkusanyaji mzuri ni yule anayelijua lilipo.

Sitawaficha gharama. Astley mwenyewe alipata tuzo ya Eric Gregory mwaka 1982, inayotolewa kwa washairi vijana, kwa hiyo kipaji alikuwa nacho. Lakini baada ya Darwin Survivor diwani iliyofuata, Biting My Tongue, ilitoka 1995, kisha akaandika riwaya mbili; muda mwingi uliobaki ulikwenda kwa mashairi ya wengine. Fedha nazo ni ngumu: hata Bloodaxe, pamoja na sifa zake zote, imehitaji ruzuku ya umma ili isimame. Ukichagua njia hii uwe na kazi nyingine ya kukulisha, na ujitengee saa za kutunga ambazo mswada wa mtu mwingine hauruhusiwi kuingia. Mimi hutunga alfajiri, nahariri jioni.

Jambo moja zaidi, hasa kwa mnaohariri kwa simu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Newcastle kilinunua nyaraka za Bloodaxe: miswada, barua, masahihisho. Leo mtafiti anaweza kukaa nazo na kuona shairi lilivyobadilika mkononi mwa mshairi na mhariri wake. Zetu ziko kwenye simu, na simu huibiwa. Kila shairi linalopita kwako, hifadhi mswada wa kwanza, rekodi ya sauti ya mtunzi, na kila badiliko pamoja na tarehe yake. Jitumie nakala kwa barua pepe, umpe mtunzi yake, na vijitabu vikitoka upeleke nakala maktaba ya mkoa.