Kabla hujaigusa RIC: ushauri kwa mafundi wapya wa minara huku Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya redio huku kwetu, karibuni sana. Ombi langu la kwanza ni hili: mtandao ukisumbua usikimbilie laptopi wala RIC, ile programu inayoongoza redio za minara, tafuta kwanza kelele (mawimbi yanayoingilia ya kwako) inatoka wapi. Naona tangu habari za O-RAN zianze vijana wengi wanaamini kuna programu itakayosafisha mawimbi yenyewe, na programu hiyo haipo. Umepewa macho na mikono zaidi tu, kujua tatizo bado ni kazi yako.

Kwa ambaye hajakutana nayo, zamani redio ya juu ya mnara, kompyuta yake na softwea vyote vilitoka kampuni moja, sasa unakuta redio ya huyu, seva ya yule, swichi ya mwingine kabisa, vinaongea kwa utaratibu wa O-RAN Alliance iliyoanza 2018. Mimi naupenda huu mfumo kwa sababu data zinaonekana. Shida ni kwamba kelele ikitokea kila muuzaji anamnyooshea mwenzake kidole, kwa hiyo fundi wa saiti mwenye vipimo mkononi ndo anayemaliza ubishi.

Tenganisha downlinki (mnara kwenda simu) na uplinki (simu kwenda mnara), hii usiiruke. Simu ikisoma RSRP (nguvu ya mnara inapofika kwenye simu) ya -80 halafu SINR (nguvu hiyo ukilinganisha na kelele) iko 0 au chini, mnara unasikika vizuri sana ila na majirani nao wanasikika, maana kwenye 4G seli zote (seli ni eneo linalohudumiwa na antena moja) kwa kawaida zinatumia masafa yaleyale. Hapo ukiongeza pawa umeharibu zaidi, ni kama wauza dagaa wawili pale Kibirizi, huyu akipaza sauti na yule anapaza, mteja hasikii bei ya yeyote. Angalia tilti ya antena, yaani imeinama kiasi gani. Mji wetu umekaa kwenye miteremko, ukifunga antena mlimani mita 200 juu ya maji na tilti ya digrii 2, katikati ya mwali inagusa ziwa karibu kilomita 6 kutoka kwenye antena, alafu maji yanaakisi na wimbi linaendelea na safari yake hadi kwenye seli za watu walioko mbali ufukweni. Inamisha. Ila usiinamishe bila kufikiria ziwani kuna nani, wavuvi wanapiga simu usiku wakiwa kwenye mitumbwi na kwao hiyo simu ni usalama, kwa hiyo acha sekta moja iliyopangwa kwa ajili ya ziwa na nyingine zote zishuke zihudumie mji, Mwanga, Gungu, Ujiji. Ukimaliza hapo kagua PCI za majirani, yaani namba za utambulisho za seli, seli mbili zinazoonana zisiwe na namba zinazobaki sawa ukigawa kwa 3.

Uplinki ndo inayochosha watu. Kelele ya kawaida kwa bloku moja, yaani kipande cha masafa cha kilohezi 180, inakaa kama -118 dBm hivi, ukiona imepanda hadi -100 kuna kitu. Kama inapanda jioni watu wakiwa wengi na inashuka usiku wa manane, washuku PIM, yaani konekta iliyolegea, bolti yenye kutu au bati bovu mbele ya antena linachanganya masafa yako mwenyewe na kuzaa mapya. Chukua megahezi 930 na 955 za downlinki, mara mbili ya 930 toa 955 unapata 905, na 905 iko ndani ya uplinki ya bendi ya 900. Namna ya kuhakikisha ni kupunguza pawa ya downlinki desibeli 3 alafu unaangalia: kelele ikishuka zaidi ya hizo 3, tena kwa mbali, ni ya kwako, isipotikisika basi inatoka nje. Kaza konekta kwa spana ya toki na sio kwa mkono, nawaomba sana.

Sasa TDD, ambapo kutuma na kupokea ni kwa zamu kwenye masafa yaleyale. Hapa saa ni kila kitu, minara ikipishana zaidi ya mikrosekunde 3 mmoja anaongea wakati mwenzake anasikiliza. Kwenye O-RAN mara nyingi saa inafika kwenye redio kwa PTP (utaratibu wa kusawazisha saa) kupitia swichi, swichi ikiyumba saiti moja inaweza kuchafua kata nzima, kwa hiyo soma logi za PTP kabla ya kugusa kingine chochote.

Na kwetu kuna ziwa. Wimbi linakwenda kilomita 300 kwa milisekunde 1. Settingi moja inayotumika sana ya 4G TDD inaacha ukimya kati ya kutuma na kupokea wa simboli 2 (vipande vidogo vya muda), kama mikrosekunde 143, sawa na kilomita 43 hivi, wakati Ziwa Tanganyika lina upana wa wastani wa kama kilomita 50. Hewa ikitulia juu ya maji, hasa usiku kuelekea alfajiri, mawimbi yanaweza kupinda na kuvuka, na mnara wa ng'ambo ukiwa kwenye masafa hayohayo downlinki yake inakukuta ukimya umeisha na wewe unasikiliza simu za watu wako. Hilo halitibiwi na spana. Rekodi saa, sekta na masafa, peleka ofisini, mambo ya masafa mpakani yanapitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini.

Ukishayajua hayo ndo RIC inakuwa na maana. Ziko mbili, ile ya haraka inafanya kazi kati ya milisekunde 10 na sekunde 1, ile nyingine ni zaidi ya sekunde 1, wakati mgao wa bloku kwenye 4G unafanyika kila milisekunde 1 ndani ya DU, yaani kompyuta inayoendesha redio, kwa hiyo RIC inatoa mwongozo tu, haimshiki kila mtumiaji mkono. Inafaa sana kupunguza pawa ya bloku za pembeni mwa seli au kuhamisha watu kwenda seli yenye nafasi. Angalia tu xApp (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya RIC) mbili za watengenezaji tofauti zisigombane, moja inapandisha pawa ili mtandao ufike mbali na nyingine inaishusha kupunguza kelele, na wewe unaona grafu inapanda na kushuka siku nzima. Washa moja, iache wiki, linganisha na vipimo vya kabla, ndo uwashe ya pili.