PuTTY isiyoumiza macho

Ndugu, umesema maandishi ya PuTTY, ile programu ya kuingilia seva (kompyuta ya mbali), ni madogo, majina ya folda ya bluu hayaonekani kwenye weusi, na ukiiacha kidogo muunganisho unakatika. Yote yanarekebishika.

Kwanza chagua "Default Settings" kwenye ukurasa wa mwanzo, bonyeza Load. Ukimaliza kurekebisha, rudi pale pale ubonyeze Save. Wengi huruka hatua hii, kesho yake wanakuta kila kitu kimerudi kama zamani. Seva ulizokwisha kuhifadhi hazifuati mabadiliko hayo. Ifungue kila moja kwa Load, uirekebishe na kuihifadhi upya.

Fonti iko chini ya Window, kisha Appearance. Courier New ya 10 ni nyembamba mno. Weka Consolas ya 12 au 14, uone tofauti. Halafu nenda Colours. "ANSI Blue" imewekwa 0, 0, 187 (viwango vya nyekundu, kijani na bluu), bluu nzito ambayo juu ya weusi haisomeki kabisa. Ifanye 100, 150, 255. Badilisha na "ANSI Blue Bold" pia, maana majina ya folda kwa kawaida hutumia hiyo, na ukibadilisha moja tu utadhani haikufanya kazi.

Kuhusu kukatika, kwenye Connection weka 60 badala ya 0 pale penye "Seconds between keepalives", yaani kila baada ya sekunde ngapi itumwe ishara ndogo ya kuuweka muunganisho hai. Lakini kazi ndefu nakusihi uiendeshe ndani ya tmux, programu inayotunza kazi zako huko kwenye seva: hata mtandao ukianguka, kazi inaendelea, nawe unairudia kwa "tmux attach".